Kwenda Rubondo: jinsi ya kupanga safari ya kisiwa chenye wenyeji na wahamiaji

Anayekwenda Rubondo akitarajia Serengeti iliyozungushiwa maji atarudi na kinyongo. Kule hakuna nyumbu wa maelfu, hakuna simba kivulini, wala gari la kukuzungusha kutoka kundi hadi kundi. Kuna msitu mzito, ziwa pande zote, na wanyama wengi wanaokuona kabla hujawaona. Kwa aliyejiandaa, ni moja ya hifadhi tamu kuliko zote Tanzania. Kwa asiyejiandaa, ni boti ya gharama na mbung'o.

Nimeandika kwa anayejipangia mwenyewe, Mtanzania au jirani wa Afrika Mashariki, bila kampuni ya utalii. Kama umeshalipia kampuni, ruka moja kwa moja hadi kwenye sokwe na nzohe, yule swala wa majini, mengine utafanyiwa.

Hatua ya 1: Tenga wenyeji na wahamiaji

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama utaona wanyama au miti.

Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo iko kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, mkoani Geita. Ina kilomita za mraba 456.8, karibu nusu yake maji, na imebeba kisiwa kikubwa cha Rubondo pamoja na visiwa vidogo vinavyokizunguka. Ilikuwa pori la akiba tangu 1965, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Zamani Wazinza waliishi humo wakivua na kulima, na walihamishwa kisiwa kilipofanywa cha wanyama.

Wanyama wenyewe sasa. Wapo waliokuwapo tangu enzi: kiboko, mamba, nzohe, pongo, tumbili, fisi maji, kanu, nguchiro, chatu na kenge. Hawa ni watoto wa ziwa au wa ukingo wa msitu. Halafu wapo walioletwa. Katika miaka ya 1960 Bernhard Grzimek, Mjerumani yule aliyejulikana kwa kazi yake ya kuhifadhi wanyama wa Serengeti, pamoja na shirika lake la Frankfurt Zoological Society, walikiona kisiwa hiki kama mahali pa kuhifadhia wanyama waliokuwa wakiandamwa bara. Hakuna simba, hakuna chui, na jangili naye lazima apande mtumbwi kwanza. Wakaletwa sokwe, tembo, twiga, mbega na suni, yule paa mdogo wa vichakani. Waliletwa pia faru weusi, lakini majangili walipanda mtumbwi, na faru wakaisha. Swala wakubwa aina ya korongo nao hawakudumu. Mwaka 2000 wakaongezwa kasuku wa kijivu waliokamatwa mikononi mwa wafanyabiashara haramu.

Kwa hiyo kisiwani kuna hadithi mbili zinazokwenda sambamba, na kila moja ina namna yake ya kuitafuta. Wenyeji wengi wanatafutwa kwa boti na kwa kukaa kimya kandokando ya maji. Wahamiaji wanatafutwa kwa miguu, msituni, nyuma ya mwongozaji anayesoma nyayo. Ukikaa siku moja utalazimika kuchagua. Ukilala angalau mara mbili, unapata zote: siku moja ya msitu, siku moja ya maji, na akiba kidogo ikiwa mvua itakuharibia mojawapo. Safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo siishauri kwa mtu yeyote, isipokuwa wanafunzi wanaotaka tu kusema wamefika.

Hatua ya 2: Chagua miezi

Juni hadi Agosti ni kiangazi. Njia za msituni hazitelezi na majani ya chini hupungua, hivyo macho yanafika mbali kidogo. Kwa anayekwenda kwa ajili ya sokwe, miezi hii ndiyo salama.

Desemba hadi Februari kisiwa hupokea ndege wahamiao kutoka Ulaya na Asia, wakijiunga na wale wa hapa. Mpenda ndege aende wakati huo na akubali kulowa. Mvua huleta pia vipepeo na maua ya porini kwa wingi, jambo ambalo wapiga picha hulisahau kwa kuwa kila mtu anawaambia waende kiangazi. Machi hadi Mei mvua ni za kweli. Unaweza kwenda, lakini usimlaumu mtu.

Hatua ya 3: Fika ukingoni mwa ziwa

Njia za barabara zinaishia sehemu mbili: Nkome, kaskazini mwa Geita, au Kasenda iliyopo Muganza, wilayani Chato. Ukitoka Nkome unakaa majini karibu saa mbili. Ukitoka Kasenda ni kama nusu saa. Mimi ningechagua Kasenda hata kama barabara inaongezeka kidogo, hasa ukiwa na watoto au wazee, maana Ziwa Victoria si dimbwi na saa mbili za mawimbi ni ndefu kwa mtu asiyezoea.

Anayeanzia Mwanza anapita Kigongo na Busisi. Zamani hapo palikuwa pa kusubiri kivuko, na foleni ingeweza kukula nusu ya siku. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kama kilomita tatu, na unavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache. Kisha Sengerema, Geita mjini, Katoro, halafu unashika upande wa Chato hadi Muganza. Anayetoka Bukoba anateremka kupitia Muleba hadi wilayani Chato. Mabasi na magari madogo yapo njia zote hizo, lakini kipande cha mwisho kutoka Muganza kwenda Kasenda ni cha bodaboda au bajaji, kwa hiyo funga mzigo wako vizuri.

Wenye fedha wana anga. Uwanja wa ndege wa Geita uko Chato, si mbali na Muganza, na kisiwa chenyewe kina uwanja mdogo wa ndege ndogo za kukodi. Hesabu ya ndege ya kukodi haina maana mpaka muwe wengi.

Gari lako litabaki bara. Uliza mapema litaegeshwa wapi na nani atalilinda, usije ukaanza kulitafutia mahali huku nahodha akiwa ameshawasha injini.

Hatua ya 4: Piga simu, lipa, pata boti

Rubondo si mahali pa kufika getini bila taarifa. Wasiliana na ofisi ya hifadhi kupitia TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, siku kadhaa kabla, na uwaambie mambo manne: mko wangapi, mtafika ukingo gani na saa ngapi, mtalala usiku ngapi, na kama mnataka kwenda kwa sokwe. Hilo la mwisho lisiachwe, kwa sababu safari ya sokwe inahitaji watu waliokwishatoka mapema kuwafuatilia.

Malipo ya TANAPA hayapokewi kwa fedha taslimu. Utapewa kumbukumbu namba, ulipie kwa simu au benki, au utumie kadi. Fanya hivyo ukiwa bado mjini wenye mtandao mzuri. Viingilio hubadilika, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi kiasi kidogo sana kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa au pasi ya kusafiria. Bila hicho utahesabiwa mgeni. Ulizia kila kitu kwa jina lake: kiingilio kwa siku, malazi, mwongozaji wa matembezi, safari ya sokwe, kibali cha kuvua kama utavua, na boti.

Boti ndiyo itakayokuuma. Kiingilio kwa Mtanzania ni nafuu. Boti inakodiwa nzima, uwe peke yako au mko kumi. Ndiyo maana Rubondo ni safari ya kundi. Tafuta wenzako watano, sita, hata kama hamfahamiani sana, mgawane boti. Na hakikisha unaposema "boti" umelipia kwenda na kurudi, na kwamba matembezi ya majini ndani ya hifadhi ni hesabu nyingine.

Usijaribiwe na mtumbwi wa mvuvi atakayekuambia anakufikisha kwa nusu ya bei. Maji yanayozunguka kisiwa ni sehemu ya hifadhi, uvuvi wa kawaida umekatazwa humo, na mtumbwi usio na ruhusa hukamatwa. Ukiwa ndani yake, na wewe umekamatwa.

Hatua ya 5: Beba kama mtu anayehamia

Hakuna soko kisiwani. Vibanda vya TANAPA viko Kageye, penye makao makuu ya hifadhi, na anayelala humo au kwenye hema hujipikia. Nunua kila kitu Geita, Katoro au Muganza: unga, mchele, mafuta, chumvi, nyanya, vitunguu, maji ya kunywa, na kitu cha kutafuna njiani. Ulizia kama gesi na vyombo vipo jikoni kabla ya kubeba sufuria. Mimi hubeba viberiti viwili. Kimoja lazima kiloe.

Mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa umepigwa marufuku Tanzania nzima tangu Juni 2019, na hifadhini hawatakufumbia macho. Tumia kikapu au mfuko wa kitambaa.

Mavazi ndiyo watu wanakosea. Mbung'o wapo, na mbung'o wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Hata mitego ya kuwakamata hutengenezwa kwa kitambaa cha rangi hizo. Kwa hiyo jinzi yako nzuri ibaki nyumbani. Vaa kaki, kijani kilichofifia au kahawia, mikono mirefu, suruali unayoweza kuichomeka ndani ya soksi. Viatu vifungwe hadi kifundoni na viwe vimeshazoea mguu wako. Ongeza koti la mvua hata kiangazi, kofia, dawa ya kufukuza mbu, na vidonge vya kinga ya malaria kama daktari wako ataona vinafaa. Barakoa chache kwa ajili ya sokwe. Tochi nzuri yenye betri za akiba. Darubini, hata ya kuazima: bila darubini nusu ya ndege wa Rubondo ni vivuli tu.

Kwa simu, chukua betri ya akiba ya kuchajia na usitegemee mtandao ukiwa msituni. Droni iache, labda uwe na kibali mkononi.

Hatua ya 6: Vuka mchana, na mapema

Ziwa Victoria lina tabia yake. Radi na dhoruba nyingi hujikusanya juu ya maji usiku kuelekea alfajiri, na mchana upepo hupata nguvu. Muda mzuri wa kuvuka ni asubuhi, anga likishatulia na kabla upepo haujaamka. Panga kulala Geita au Chato usiku wa kuamkia safari ili saa mbili au tatu asubuhi uwe Kasenda. Wanaotoka Mwanza siku hiyo hiyo hufika mchana wakiwa wamechoka, na kuanza kubishana na nahodha aliyeangalia anga na kusema ngoja. Akisema ngoja, ngoja.

Vaa jaketi okozi na ulifunge, hata kama mabaharia wenyewe hawajavaa. Simu na kamera viwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Kaa katikati ya boti kama tumbo lako ni dhaifu.

Ukikaribia kisiwa anza kuangalia juu ya miti mikubwa ya ukingoni. Ndege mwenye kichwa cheupe, kifua cheupe na mwili wa hudhurungi ni furukombe, na Rubondo wamejaa. Sauti yake, ile ya kichwa kutupwa nyuma, utaisikia mpaka uizoee.

Hatua ya 7: Siku ya msitu

Anza saa kumi na mbili asubuhi au mara tu mwongozaji atakapokuambia. Utatembea na askari mwenye silaha. Silaha si mapambo: msituni kuna tembo, na tembo wa msitu mzito humwoni mpaka yuko karibu mno. Akisimama, simama. Akirudi nyuma, rudi bila kuuliza. Maswali yatajibiwa baadaye.

Sokwe wa Rubondo wana historia isiyofanana na ya sokwe wengine wa nchi hii. Wale wa Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, ni wa hapo hapo tangu zamani. Hawa wa Rubondo wametokana na sokwe 17 walioletwa kati ya 1966 na 1969 kutoka Ulaya, wengi wao wakiwa walinaswa wadogo Afrika Magharibi, kisha wakaishi miaka vizimbani, wengine kwenye bustani za wanyama, wengine kwenye sarakasi. Walifunguliwa kisiwani bila mafunzo yoyote. Walijifunza wenyewe kula cha porini, kujenga viota juu ya miti na kulea watoto. Wajukuu na vitukuu wao ndio utakaowatafuta, na ni wa porini kabisa. Ninapenda sana mbuga zetu, lakini sijui hadithi nyingine ya wanyama Tanzania inayoifikia hii kwa ajabu.

Namna ya kuwatafuta ni ya kusoma dalili. Angalia juu kwanza: kila jioni sokwe mzima hukunja matawi kujitengenezea kiota cha kulalia, kwa hiyo kiota chenye majani mabichi kina maana walilala hapo jana. Majani yakiwa yamekauka, kiota ni cha zamani, endelea. Kisha angalia chini. Mabungo ni chakula chao kikubwa kisiwani. Mti wake, mbungo, ni wa kutambaa na hupanda juu ya miti mingine. Ukikuta maganda ya mabungo yaliyotafunwa, bado yana unyevu, punguza sauti. Mwisho, sikiliza. Sokwe huitana kwa mayowe yanayopanda taratibu hadi kuwa kelele, na madume hugonga mizizi mipana ya miti kwa mikono na miguu. Mlio huo unasafiri mbali sana msituni, na mwongozaji atabadilisha mwelekeo kwa kuusikia tu.

Watafiti na askari wametumia miaka kuwazoesha sokwe hawa kuona watu, wakiwafuata siku baada ya siku bila kuwadhuru wala kuwalisha. Hata hivyo ni wachache, na kisiwa kina urefu wa kilomita karibu 28. Kuna siku utatembea saa nyingi na kuambulia viota na mabungo. Fedha hairudishwi. Mtu asiyeweza kulikubali hilo asilipie safari ya sokwe, atumie fedha hiyo kwenye boti.

Ukiwapata, kuna masharti, na hapa sina utani. Mwenye mafua, kikohozi au homa abaki Kageye. Sokwe ni jamaa yetu wa karibu kiasi kwamba maradhi yetu ya njia ya hewa yanampata, na mwili wake hauna kinga. Mahale, mwaka 2006, mlipuko wa maradhi ya namna hiyo uliua sokwe kadhaa. Kwa hiyo vaa barakoa kabla hujawakaribia, kaa umbali wa mita kumi au zaidi, usile wala kunywa mbele yao, usiteme mate, usitumie mmweko wa kamera. Sokwe akikusogelea yeye, rudi nyuma taratibu. Usimkazie macho dume kubwa. Muda wa kukaa nao kwa kawaida hauzidi saa moja, na ukimalizika, umemalizika, hata kama ndiyo kwanza mtoto ameanza kucheza.

Njiani kwenda na kurudi usisahau wahamiaji wengine. Mbega, weusi wenye joho jeupe, hukaa juu kabisa na huruka matawi kwa kelele. Suni hutokea kama kivuli na kupotea. Ni mdogo kuliko mbuzi. Twiga ndani ya msitu ni kitu cha kushangaza: unaona shingo kati ya miti mahali ulipotarajia nyani. Na kasuku wa kijivu ukiwasikia, utawatambua kwa mluzi na mkia mwekundu.

Hatua ya 8: Siku ya maji

Wengi huiona siku ya pili kama ya kupumzika. Kwangu ndiyo siku yenyewe, kwa sababu ya nzohe.

Nzohe ni swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na zimepanuka, hivyo anatembea juu ya tope na mafunjo bila kuzama, na manyoya yake hayalowi kirahisi. Akishtuka haendi mbali. Anaingia majini na kubaki ameacha pua tu nje. Mahali pengi Afrika Mashariki kumwona ni bahati ya mwaka. Rubondo ni tofauti. Kwa kuwa hakuna simba wala chui wa kumwinda, nzohe wa hapa hajifungii kwenye vinamasi peke yake: huingia hadi msituni na kulisha karibu na pongo. Hao wawili usiwachanganye. Pongo ana alama nyeupe zilizo wazi na miguu ya kawaida ya swala. Nzohe ana manyoya marefu yaliyochakaa kidogo, na hutembea kama aliyevaa viatu vikubwa kuliko miguu yake. Dume ana pembe zilizojipinda, jike hana.

Mtafute alfajiri au jioni jua likianza kulala. Mwambie nahodha apite kandokando ya vinamasi, azime injini na kuiacha boti ielee. Hapo ndipo watu hushindwa: dakika tano za kimya huonekana ndefu, mtu anaanza kutafuna karanga. Nyamaza. Mafunjo yakitikisika pasipo upepo, elekeza darubini hapo na usubiri.

Katika kusubiri utaona mengine bure. Mamba waliojianika na kinywa wazi. Viboko, ambao nahodha atawapitia mbali, na usimwombe asogee. Kenge juu ya mawe. Fisi maji wakiogelea wawili au watatu, vichwa vidogo vinavyochomoza na kuzama. Waangalie vizuri, maana kwa mbali utadhani ni mnandi, ndege wa majini. Mdiria mweusi na mweupe atasimama hewani palepale kabla ya kujitupa kichwa chini majini.

Ndege wa kisiwa hiki ni zaidi ya aina 200. Sitaziorodhesha. Omba tu upitishwe jioni karibu na visiwa vidogo ambako mnandi, yangeyange na kwarara hurudi kulala. Unawasikia, na kuwanusa, kabla hujawaona. Msituni, penye kivuli, muulize mwongozaji kuhusu ndege mdogo wa rangi ya kutu ambaye dume lake lina mkia mrefu kuliko mwili wake wote. Wapo wengi na hawana woga.

Kuogelea hapana. Mamba peke yake anatosha kuwa sababu, na maji ya kando ya Ziwa Victoria yana kichocho pia.

Kuvua

Unaruhusiwa kuvua kwa ndoana kama mchezo, kwa kibali cha hifadhi. Anayetafutwa ni sangara, ambaye Ziwa Victoria anaweza kufikia zaidi ya kilo 100. Naye ni mhamiaji: aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, mpaka aina nyingi zikapotea. Hata sato tunayemla kila siku aliletwa. Ngege ndiye mwenyeji. Sina huruma kubwa kwa sangara, lakini sheria za hifadhi ni za wote, na ghuba tulivu zenye mafunjo ni mazalia ya samaki. Vua pale tu utakapoonyeshwa, ulizia mapema ni samaki gani unarudisha na yupi unaweza kumpika, na beba ndoana zako mwenyewe.

Usiku Kageye

Viboko hutoka majini giza likiingia na kulisha nyasi karibu na vibanda. Kiboko nchi kavu ana kasi kuliko wewe na hapendi kukutwa kati yake na maji. Ukihitaji kutoka usiku, mulika kwanza mlangoni, pande zote, subiri, mulika tena. Afadhali ujisaidie kabla ya kulala. Mwenye hema asilifunge kwenye njia iliyokanyagwa kutoka ziwani. Njia hiyo ina mwenyewe.

Chakula kisilale nje. Tumbili watakuwa wa kwanza asubuhi, na tumbili aliyewahi kuonjeshwa mkate haachi tena. Usiwape, hata yule mwenye mtoto mgongoni.

Wenye watoto wadogo wajue kwamba safari ya sokwe ina masharti ya umri, hivyo waulize wakati wa kupiga simu. Kama watoto hawaruhusiwi, mzazi mmoja aende msituni siku ya kwanza na mwingine siku ya pili, na watoto wote waende siku ya boti. Wazee wasioweza kupanda vilima waanzie na boti moja kwa moja, hawatapungukiwa.

Hatua ya 9: Kurudi

Usikate tiketi ya ndege au ya basi la mbali kwa mchana wa siku unayoondoka kisiwani. Ziwa likichafuka asubuhi, boti haitoki, na hakuna wa kumpigia kelele. Acha usiku mmoja katikati, Chato au Geita. Taka zako zote, kuanzia chupa za maji hadi betri za tochi zilizokwisha, zirudi nawe bara kwenye boti hiyo hiyo. Na kabla ya kupanda, thibitisha na ofisi kwamba malipo yako yanalingana na usiku uliolala. Kiingilio huhesabiwa kwa muda uliokaa, na ukichelewa kuondoka unaweza kudaiwa siku nyingine ukiwa umeshasimama gatini na mzigo mgongoni.